Karibuni tena masika yajayo

Alhamisi, 9 Mei 2024

Watoto wamelala tangu saa tatu. Sare ishirini na mbili za kaki ziko mezani, nimeshazikata zote, kilichobaki ni kushona, lakini mkono hauendi. Kuna maneno manne yamenikaa kooni tangu Jumapili asubuhi.

"Karibuni tena masika yajayo."

Aliyesema ni Mama Swaumu. Alikuwa ameinama anakunja mkeka, mgongo ametupa sisi. Mimi nilikuwa mlangoni, Amani mgongoni, Idrisa nimemshika mkono, mume wangu, Baba Zuhura, ameshatangulia na mabegi. Nikajibu, "Asante, dada, tumeshakaribia," nikashuka zile ngazi zake tatu. Nilipofika kwenye mwembe ndipo nikahisi moto unanipanda shingoni.

Tangu hapo nayasema kwa kila sauti. Nayasema kama mtu anayetania. Nayasema kama mtu aliyechoka, ambaye siku mbili hajalala kitandani kwake. Nayasema kama mtu anayemaanisha, ninyi mtakuja tu, kwani mna pa kwenda? Juzi naosha vyombo, Zuhura akaniuliza naongea na nani.

"Karibuni tena" peke yake lisingeniuma. Hata muuza nyanya anakwambia karibu tena. Angeishia hapo ningerudi nyumbani nikaanza kuchota tope kwa amani. Ni hayo masika.

Mnaonisoma tangu mwezi wa nne mnajua kuwa hii ilikuwa mara ya pili mwaka huu maji kutukimbizia kwake. Mara ya kwanza maji yalitukuta tumelala, yakafika kwenye vifundo vya miguu, na lile jora la kaki nililokopa likalowa lote. Tulipanda kwa Mama Swaumu saa nane usiku tukiwa tunadondosha maji, akatufungulia bila kuuliza. Sisi tunakaa Bonde la Mpunga, Msasani, hapa Dar es Salaam. Jina lenyewe linajieleza, hapa palikuwa pa kulima mpunga, na maji yanaijua njia yake ya zamani hata tukijenga juu yake. Yeye yuko kule juu kidogo kuelekea Namanga, dakika saba kwa miguu, na hizo ngazi tatu zake ndizo tofauti yote kati ya nyumba yangu na yake.

Safari hii sikungoja. Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa taarifa baada ya taarifa: kimbunga kiko baharini, kinaelekea pwani yetu, jina lake Hidaya. Ijumaa boti za Unguja zikasimama. Idrisa akaanza kuuliza kama Hidaya akija tutampa chai, kwa sababu Hidaya anayemjua yeye ni yule mtoto wa madrasa mwenye hereni nyekundu. Nilimwonea huruma yule binti, nasikia wenzake wamemtania mpaka akalia.

Baba Zuhura hakutaka kuondoka. Alisema vimbunga havifiki kwetu, tuko karibu mno na ikweta, upepo unakosa ule msokoto unaotokana na dunia kujizungusha, ndiyo maana vingi vinaishia Msumbiji na Madagaska. Anachosema ni kweli, na aliposoma jiografia ndivyo walivyomfundisha. Lakini mimi nimelelewa na bibi wa Lindi. Ukimuuliza bibi fulani alizaliwa lini, alikuwa anahesabu kwa kimbunga: huyu kabla ya kimbunga, yule baada ya kimbunga. Kile cha 1952. Alikuwa akifika hapo anashusha sauti kidogo, kama vile kingemsikia. Kwa hiyo vingi haviji, lakini kuna kilichokuja.

Nikamwambia mume wangu, "Mimi na watoto tunapanda leo kabla ya magharibi." Akanitazama, akaenda kutafuta bisibisi.

Alifungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakifuta mafuta, akakiviringisha kwenye khanga yangu ya zamani, halafu akakipakata kama anavyompakata Amani. Meza tukaipandisha juu ya kitanda, kitanda tukakiinua kwa matofali manne. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, cheti chetu cha ndoa, daftari la vipimo, vyote kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya ndoo ya mfuniko. Viroba viwili vya mchanga mlangoni. Tukafunga. Zuhura alibeba ndoo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, na kila baada ya hatua kumi anaibadilisha mkono.

Mama Swaumu alitupokea na sufuria ya maharage iko jikoni. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu maharage ya mtu mmoja na mumewe na watoto watatu hayajai sufuria ile. Alikuwa amepika akijua tunakuja. Mtu aliyepika sufuria ile anawezaje kusema neno la kukuchoma Jumapili? Au ndiyo sababu analisema?

Naona nimerudi tena kule kule.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Upepo ulianza kwa kusitasita, halafu ukashika. Umeme hakuna. Mwembe unalalamika, mabati ya jirani yanapiga makofi, kila nazi ikidondoka Idrisa anahesabu. Mama Swaumu akawatoa watoto wote vyumbani, akaburuta godoro mpaka kwenye korido katikati ya nyumba, ambako hakuna dirisha, akafunga milango ya pande zote. Watoto sita godoro moja, mzungu wa nne, miguu ya Idrisa iko usoni kwa Swaumu. Sisi wakubwa tukakaa ukutani na taa ya chaji katikati.

Baba Swaumu ni mvuvi, alikuwa ameshavuta mashua yake juu mchangani tangu Ijumaa. Akasema tushukuru Mungu kwamba maji ya bahari bado ni mafu. Mitaro ya huku kwetu inategemea bahari. Bahari ikiwa chini, mtaro unatoa. Ikiwa bamvua, bahari inasimama mdomoni mwa mtaro na maji ya mvua yanakosa pa kwenda, yanarudi majumbani. "Ingekuwa Jumatano," akasema, "tungezungumza mengine." Sikuwahi kulijua hilo, miaka sita naishi bondeni. Nilidhani mvua ni mvua.

Saa sita hivi za usiku Amani akaamka analia, meno. Mama Swaumu akamchukua kabla sijanyanyuka. Akawa anatembea naye kwenye korido, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, kwa sababu korido ndiyo imeishia hapo na nusu imejaa watoto. Anamwimbia chini chini, wimbo wa kubembeleza ambao hata mama yangu alikuwa anatuimbia. Upepo ukizidi, naye anaongeza sauti kidogo. Ukipungua, anashusha. Nilikaa pale namtazama, nikasinzia, nikaamka, bado anatembea. Akanipikia chai ya tangawizi, na akatia sukari vijiko viwili bila kuniuliza, sukari ambayo tangu mwaka uanze ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Tulipoamka Jumapili redio inasema Hidaya amefika Mafia, ameishiwa nguvu. Nilimshika mguu Idrisa, ulikuwa wa moto wa usingizi, na nikamshukuru Mungu pale pale kwenye godoro. Nyumbani maji yalikuwa yamevuka viroba lakini hayakufika hata kwenye tofali la pili. Cherehani salama. Kaki salama.

Wiki yenyewe imekuwa na mambo mengi. Barabara ya kusini ilikatika kule Somanga na mjomba aliyekuwa anakuja kumuozesha wifi amekwama upande wa pili, kwa hiyo ndoa imesogezwa, Baba Zuhura ameitwa kwenye ile kazi aliyoomba mwaka jana, na Amani amesimama dede. Nitaandika yote, nawaahidi. Leo siwezi.

Jumanne nilimwambia mume wangu. Nilimwambia kila kitu, mkeka, mgongo, maneno yenyewe. Akasema hakusikia, alikuwa nje na mabegi. Akasema pia, "Sasa kama amesema, si kweli?" Nikanyamaza. Nilikwenda kukaa uani.

Maana hapo ndipo paliponiuma, na nimechukua siku tatu kupafikia. Hata angeyasema kwa sauti tamu kuliko zote, masika yajayo tutakuwa hapa hapa. Kodi ya kule juu nimeshaulizia, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa tatu mwakani mawingu yatajaa, mimi nitatafuta mfuko wa nailoni, Zuhura atabeba ndoo, na yule mama atapika sufuria kubwa. Yeye amelijua hilo kabla yangu. Mimi nilikuwa nataka liwe siri kati yangu na mume wangu.

Jana jioni wakati namsuka Zuhura nikamuuliza, kama mtu asiye na haraka, "Hivi siku ile tunaondoka, Mama Swaumu alisema nini?" Zuhura alikuwa bado ndani wakati ule, anatafuta kiatu chake kimoja. Akajibu hapo hapo, "Alisema karibuni tena, hata masika yajayo."

"Alisema hata?"

"Ndiyo. Alisema hata. Halafu akanipa kashata."

Nikaacha kusuka. Hata. Neno dogo namna hii. Pale mlangoni Amani alikuwa ananilia sikioni, na matone bado yanagonga bati la jiko. Inawezekana lilisemwa, likapotea humo. Ukiliweka, sentensi nzima inageuka, inakuwa mlango ulioachwa wazi. Ukilitoa, inakuwa ile niliyobeba siku nne. Na shahidi wangu ana miaka saba na alikuwa anafikiria kashata.

Leo mchana nikapanda kwake kurudisha sufuria aliyotufungia maharage yaliyobaki. Kurudisha sufuria tupu siwezi, nikaweka foronya mbili nilizomshonea kwa vipande vya kitenge. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza. Njiani kote nilikuwa napanga nitakavyoanza.

Nilimkuta ameketi ngazini anachambua mchele. Akasogeza ungo, akanipa nafasi pembeni yake, nikakaa, nikachambua naye. Akaniuliza meno ya Amani yametoka? Nikamwambia moja la chini linaonekana. Akacheka, akasema alijua, usiku ule alilihisi kwa kidole. Alikuwa anamsugua fizi kwa kidole, gizani, muda wote ule ninaosinzia. Sikujua.

Sikuuliza. Tulimaliza mchele, nikamsaidia kuupepeta, adhana ya alasiri ikatukuta pale. Nilipoinuka akasema, "Haya, karibu, Mama Zuhura." Nikasema, "Tumeshakaribia, dada," na safari hii nilimtazama usoni. Nimeteremka bondeni moyo umetulia kwa mara ya kwanza wiki hii, hata nilisimama kwenye mwembe nikaokota embe bichi mbili zilizoangushwa na upepo, kwa ajili ya achari.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo na kurudi kwenye sare. Lakini kuna jambo jingine limeingia leo.

Baada ya chakula Zuhura alikuwa anafanya kazi ya nyumbani, na nikaona ameinama mpaka pua inakaribia kugusa daftari. Nikamwambia ainue kichwa. Akainua. Baada ya muda kidogo kikashuka tena, polepole, bila yeye kujua. Nikamsimamisha mlangoni, nikamwambia asome kalenda ya ukutani, ile ya dukani kwa Mangi. Akakunja macho. Akasema herufi ni ndogo, lakini picha anaiona, ni maua.

Kalenda ile ina picha ya meli.