Karoti kilo moja na teyze wa ghorofa ya chini

Cezerye yangu ya kwanza ilikuwa jamu. Ya pili ilikuwa mkaa. Ya tatu ndiyo iliyonipandisha cheo katika jengo letu hapa Mezitli, wilaya ya Mersin huko Uturuki, kutoka "yule Mwafrika wa juu" hadi kızım, yaani binti yangu.

Kwa asiyeijua: cezerye (isome jezerie, c ya Waturuki ndiyo j yetu) ni tamutamu ya karoti ya Mersin, mji wa bandari kusini mwa Uturuki. Karoti inachemshwa, inapondwa, inapikwa na sukari mpaka inakuwa kitu kizito chenye rangi ya mbao ya mninga. Ndani wanatia jozi (walnut), fındık (hazelnut) au zile njugu za kijani za Antep (pistachio), kisha inakatwa vipande na kuviringishwa kwenye nazi. Mdomoni inavuta kama halua, ila samli haina. Jina lenyewe limetokana na Kiarabu, jazar, karoti. Madukani huku mjini utaikuta imepangwa kama matofali, na muuzaji akiona mwanamume anasitasita humwegemea na kumnong'oneza kwamba inaongeza nguvu. Nguvu zipi, anakuachia mwenyewe.

Mimi nimekulia Tanga. Karoti kwetu ni ya kachumbari na rojo, inateremka na malori kutoka Lushoto, unaikuta soko la Mgandini imepangwa mafungu. Nilipompigia mama kumwambia huku karoti wanaigeuza halua, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwani huko miwa hakuna?"

Nikajitia ujuzi. Niliikuta recipe ya Kituruki, nami Kituruki changu cha mwaka wa kwanza wa chuo kilikuwa cha kuombea mkate na kuulizia basi. Recipe ilisema sukari "su bardağı" mbili. Bardak najua ni glasi. Nikachukua glasi niliyoizoea kuiona kila siku, vile vidogo vya chai vyenye kiuno, nikapima viwili. Baadaye ndiyo nikajua kwamba Waturuki wana glasi mbili kabisa katika upishi: ya maji, su bardağı, na ya chai, çay bardağı, ambayo ni kama nusu ya ile. Kwa hiyo sukari yangu ilikuwa nusu, na karoti nilizikuna mbichi nikazitia sufuriani na maji yake yote. Nilikoroga dakika ishirini, nikachoka, nikamimina kwenye sinia. Asubuhi nikaikuta imetulia pale pale kama dimbwi. Tulikula na mkate wiki nzima, mimi na mwenzangu wa chumba, na kusema kweli kama jamu haikuwa mbaya.

Mara ya pili nikajihami. Nikapima sukari kwa kikombe changu kikubwa cha kahawa, moto nikaupandisha ili maji yakauke haraka, nikaenda kupokea simu. Mliowahi kuunguza sukari mnaijua harufu yake, haiombi ruhusa, inashuka ngazi yenyewe. Kabla sijalizima jiko, mlango ukagongwa. Alikuwa teyze wa ghorofa ya chini, kandambili miguuni, kitambaa kichwani, anauliza "Ne yanıyor?", kinaungua nini?

(Teyze ni mama mdogo au mama mkubwa, upande wa mama, lakini huku kila mwanamke wa makamo ni teyze wa kila mtu. Ni kama sisi na shangazi na mama mdogo wa mtaani.)

Akaingia mpaka jikoni, akachungulia sufuria. Hakucheka. Nilitamani acheke. Akachukua mwiko, akachokonoa ule mkaa, akaninusisha, akasema neno moja, "Su." Maji. Mimi naona moto umeniponza, yeye anasema maji. Kesho yake saa nne akaniita kwake.

Kwanza tulienda sokoni, maana karoti zangu alizikataa: kubwa mno, katikati ni kuti. Hapa Mezitli kuna soko la wanawake wazalishaji, limeanza 2014, wauzaji wote ni akina mama wanaouza walicholima au walichopika wenyewe. Teyze hanunui kitu kabla ya kukivunja. Alichukua karoti, akaikunja, ikalia ta! ndipo akakubali kilo moja. Nyembamba, ngumu, za rangi iliyokoza. Kisha robo kilo ya jozi, zile njugu zenye sura ya ubongo, ambazo wao huziita ceviz.

Nyumbani kwake viatu vinabaki mlangoni, kama kwetu. Alinipa kisu na kiti, akawasha redio, na somo likaanza bila yeye kusema kwamba limeanza.

Karoti hazikukunwa. Zilikwanguliwa ganda, zikakatwa vipande vinene, zikatiwa sufuriani na glasi moja tu ya maji (ya maji! nilimuuliza mara mbili), zikafunikwa, moto mdogo, mpaka uma ukaingia bila kulazimishwa. Zikachujwa. Zikapondwa kwa kile kipondeo cha viazi mpaka zikalainika kama uji wa mtoto. Mimi nikanyoosha mkono kwenye sukari. Akanipiga kofi dogo la kiganja.

Hapo ndipo nilipoelewa neno la jana. Karoti karibu asilimia 88 ni maji. Ukiitia sukari ikiwa bado imelowa, sukari inayeyuka ndani ya maji hayo na kuyashikilia, nawe utakoroga mpaka maghribi. Kwa hiyo ule uji unarudi motoni peke yake, bila kitu, unasongwa taratibu mpaka mvuke unapungua na karoti inaanza kujikusanya yenyewe. Ilituchukua kama robo saa. Sufuria ililia tofauti: mwanzo inachemka pwa-pwa-pwa, mwisho inakwaruza tu. Ndipo sukari ikaingia, nusu kilo, na kijiko cha maji ya limau. Limau si la ladha, teyze alisema, ni la kuizuia sukari isirudi kuwa mchanga. Na kweli, asidi ya limau huivunja sukari kidogo ili isigande chengachenga. Mama yangu hufanya vivyo hivyo kwenye shira ya kaimati na hajawahi kunieleza kwa nini.

Baada ya hapo ni mwiko tu. Nimewahi kuona wapika halua wanavyotoka jasho juu ya masufuria yao, nikadhani ni mbwembwe. Si mbwembwe. Dakika ishirini za kwanza unazungumza. Zinazofuata unabadilisha mkono. Nikauliza itachukua muda gani, akanijibu "göz kararı", hukumu ya jicho. Nikauliza sukari nusu kilo kamili au kasoro, göz kararı. Mdalasini kiasi gani? Aliangalia kijiko, akaniangalia mimi. Mzee wake alipita kwenda kuchukua maji ya kunywa, akasema "kolay gelsin", iwe nyepesi kwenu. Wanalisema kwa yeyote wanayemkuta kazini, fundi, mfagizi, karani wa benki. Ni pole na kazi yetu ile ile, na siku hiyo iliniingia kuliko siku zote.

Rangi ndiyo saa. Inaanza ya machungwa kabisa, rangi ya reflekta ya bodaboda. Inakuwa ya shaba. Halafu kuna wakati, mimi nauona kama saa moja tangu sukari iingie, inashuka ghafla kuwa nyekundu ya udongo, na harufu inaacha kuwa ya mboga. Teyze alipitisha mwiko katikati ya sufuria, kitako kikaonekana, njia nyeupe kabisa, akahesabu kimoyomoyo. Njia ikiziba upesi, bado. Njia ikikaa wazi, akadondosha tone kwenye kisahani cha baridi, akalibonyeza kwa kidole. Halikushika kidole. Zima.

Jozi alikuwa amezikaanga kavu na kuzivunja kwa mkono, si kwa kisu, anasema kisu kinazifanya zote zilingane na meno yanachoka. Zikaingia na kijiko kidogo cha mdalasini na karafuu ya kusagwa, kidogo sana, ya kunukia tu. Nikamwambia karafuu hiyo huenda imetoka Pemba. Akaitazama chupa upya.

Sinia ililowanishwa, ikanyunyiziwa nazi, cezerye ikamiminwa humo, ikasawazishwa kwa mgongo wa kijiko chenye maji. Nikataka kuifunika. Kofi la pili. Ukifunika kitu cha moto, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi kuwa maji. Kitambaa chepesi, usiku mzima, mezani, si kwenye friji.

Nazi sasa. Hapa nina maneno, mniwie radhi. Mersin wanalima ndizi, kule Anamur mabanda yamejaa migomba, lakini mnazi hakuna. Nazi yao ni ile kavu ya pakiti, nyeupe kama sabuni ya unga, na wanaiita hindistan cevizi, jozi ya Uhindi. Siku ya kwanza nilienda duka la viungo, nikataka pakiti ndogo. Ndogo ni küçük. Nikasema kwa kujiamini, küçük hindistan cevizi. Mwenye duka akanifungia kungumanga. Maana kungumanga ndiyo "jozi ndogo ya Uhindi"! Nikafika nyumbani, nikafungua karatasi, nikaona kokwa tatu za kahawia, nikadhani ananitania.

Mtu wa Tanga kununua nazi ya pakiti ni fedheha. Kwa hiyo nilipokwenda likizo nyumbani nikasema sasa watu wataonja cezerye yenyewe. Karoti za Lushoto, tena zile ndogo. Jozi sikupata kwa bei ya maana, nikatumia korosho. Nazi nikaikuna mwenyewe juu ya mbuzi, mbichi, tamu, nikaviringisha vipande vyote sitini na kitu. Siku ya kwanza sifa zilikuwa nyingi mno. Siku ya pili vipande vilikuwa vinateleza. Siku ya tatu mama alifungua kopo, akalifunga, akaliweka nje ya dirisha la jikoni. Ilikuwa imechacha. Maji tena! Nilihangaika kuyatoa kwenye karoti kisha nikayavika juu kwa nje kama kanzu.

Safari ya pili nilifanya hivi, nayo ndiyo ninayowashauri mlio nyumbani: nazi ikune, usiikamue tui (ukikamua linabaki chicha, halina ladha), itandaze kwenye kikaango kikavu, moto wa chini kabisa, igeuzegeuze mpaka ikiguswa ichakarike lakini isibadilike rangi. Iache ipoe kabisa. Ndipo uviringishe. Kopo kavu, mfuniko wa kubana, mimi imenikalia wiki mbili, ingawa kwa nyumba yetu wiki mbili ni nadharia.

Kukata: kisu kichovye kwenye maji ya moto, ukifute, ukate, uchovye tena. Vipande viwe vidogo. Ni tamu, usijidanganye kwamba ni mboga.

Huku hutengenezwa pia kuelekea Idi ya baada ya Ramadhani, ambayo wengi wanaiita Şeker Bayramı, Idi ya sukari. Watoto wanapita mlango kwa mlango, wanabusu mkono wa mkubwa na kuupandisha kwenye paji la uso, wanapewa peremende. Mwaka ule niliweka sahani yangu mlangoni. Mtoto mmoja wa jengo la jirani alichukua kipande, akakiuma, akauliza kama nimenunua. Nikasema nimepika. Akachukua cha pili bila kubusu mkono.

Mama naye, baada ya ile safari ya pili, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tatu na nusu zilikuwa salamu. Mwishoni akasema, "Nzuri, lakini mdalasini umeipeleka kwenye chai. Hiyo kitu inataka iliki."

Nikaijaribu wiki iliyopita. Korosho nilizobeba kutoka nyumbani, iliki badala ya mdalasini, karafuu nikaiacha. Nikashusha sahani chini kwa teyze. Alikula polepole, anatazama dirishani. Kisha akasema, "Bu cezerye değil." Hii si cezerye. Mzee wake akauliza ni nini basi. Teyze akaisogeza sahani upande wake na kusema hajui, aulizwe binti wa juu.