Mgongo na saa ya simu
Mwaka wa 3 huu mgongo unaniuma, na picha za MRI, zile za kuona ndani ya mwili, hazionyeshi cha kukata wala kushona. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) alipoanza kuniuliza habari za hofu na usingizi, nilinuna. Kwani naigiza? Kumbe maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu, na mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kupiga king'ora hata jeraha likishapona.

Kosa langu: siku ya nafuu nafua nguo zote, kesho yake siinuki. Sasa natega saa. Dakika 10 za kufua, napumzika hata kama siumwi. Hapo kwenye "hata kama siumwi" ndipo pagumu, jamani!

Jana nimeinama kuokota ndala bila kushika ukuta.