Mtarakwa wa Maralal

Jana binti yangu alirudi kutoka shuleni na kitu kigumu cha mviringo mfukoni, amekiokota chini ya miti ya sipre ya uzio wa jirani, hapa Himbi, mjini Goma. "Mama, hii ni tunda?" Tangu hapo namfikiria Mzee, baba mkwe wa Yaya, dada yangu mkubwa.

Safari ya kwenda kumwona mtoto wa kwanza wa Yaya naipita: mpaka, mabasi, vumbi. Ninachokumbuka ni asubuhi moja juu ya mji wa Maralal, kaskazini mwa Kenya, kwenye mteremko wa mawe, hewa kavu hadi midomo inapasuka. Mitarakwa, miti ya jamii moja na sipre, ilikuwa imeshika miamba, magome yake yakichanika kwa nyuzi ndefu.

"Baba, huu na sipre yetu nautofautishaje?"

"Jani litakuzungusha, binti. Tafuta tunda."

Akavuta tawi hadi usawa wa macho yangu. Majani yalikuwa magamba madogo mno, yamelalia kijiti na kubanana. Lakini kwenye chipukizi la chini yalikuwa sindano zinazochoma. Mti mmoja, majani ya namna mbili. Kisha akachuma tunda lenye ukubwa wa njegere, la buluu inayokaribia weusi, limefunikwa na utandu mweupe. Akalifuta kwa kidole gumba, utandu ukatoka, ngozi ikang'aa. Akalipasua kwa ukucha: nyama kidogo yenye utomvu, na mbegu mbili ndani.

Mti wa pembeni haukuwa na tunda hata moja. "Huo dume," akasema. "Utasubiri mpaka uzeeke."

Njiani akanigongesha nguzo ya mtarakwa ya boma lake. Ilisimamishwa kabla mwanawe hajazaliwa, na mchwa hawajaigusa. Ndiyo maana inakatwa, akasema, na mti wenyewe hauna haraka ya kukua. Mbao zake zilisafirishwa hata Ulaya kutengenezea penseli.

Basi jana nikamwonyesha binti: tunda la sipre ni gumu, linafunguka kwa vigamba, na mti mmoja hubeba la kiume na la kike. Akaniuliza mbona mtarakwa hatuupandi huku. Nikamjibu kwamba watu wa hapa wanataka mti wa kupasua mbao mapema, na wengine wanawaza kuchoma makala ya kupikia tu. Ni kweli, lakini jibu hilo halijaniridhisha mimi mwenyewe.