Tukio la Maktaba ya Chuo Kikuu Lianzie Rafuni

Ninapopata taarifa ya matukio ya maktaba ya chuo kikuu, jambo la kwanza ninalolitafuta si jina la mgeni rasmi wala saa ya kuanza, bali ni kitabu, mswada, picha au ramani iliyozaa tukio hilo. Kongamano linaweza kufanyika katika ukumbi wowote wa mihadhara chuoni bila kupungukiwa na kitu, lakini maktaba inaweza kumfikisha msikilizaji mbele ya chanzo chenyewe cha maneno anayoyasikia. Nimehudhuria uzinduzi wa vitabu uliofanyika katikati ya rafu zilizojaa, pasipo hata kitabu kimoja cha maktaba hiyo kufunguliwa mbele ya wageni, nami naamini kwamba fursa kubwa ilipotea.

Maktaba ya Trinity College mjini Dublin inaonyesha vizuri jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuzaa habari mwaka hadi mwaka. Humo huhifadhiwa Kitabu cha Kells, mswada wa Injili ulioandikwa na kupambwa mnamo mwaka 800, ambao mwaka 1953 ulijalidiwa upya katika mabuku manne. Kurasa zinazoonyeshwa kwa wageni hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo hata taarifa fupi inayosema ni ukurasa gani umefunguliwa sasa ni habari ya kweli, yenye sababu ya kumrudisha mtu aliyekwisha kufika.

Sababu ya kubadilisha kurasa haitokani na hamu ya kuvutia watalii peke yake. Mwanga hudhuru karatasi, ngozi, wino na rangi, na madhara yake hujilimbikiza: rangi iliyofifia hairudi hata kitabu kikikaa gizani kwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana wahifadhi wengi huweka mwanga wa maonyesho ya miswada usizidi takribani luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwangaza), huziba madirisha, na huweka kikomo cha muda ambao ukurasa mmoja utakaa wazi. Natamani wakutubi waliandike jambo hili katika matangazo yao. Msomaji anayeelezwa kwamba maonyesho yanafungwa tarehe fulani kwa sababu mswada unahitaji kupumzishwa hujifunza uhifadhi papo hapo, na huenda akaharakisha kufika kuliko yule aliyepewa tarehe tupu.

Suala la nani anayekaribishwa nalo lina uzito wake. Maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford ilifunguliwa kwa wasomi mwaka 1602, na kwa karne nyingi hazina zake zilionwa zaidi na wenye kibali cha kusoma. Jengo lake la Weston, lililofunguliwa kwa umma mwaka 2015 baada ya ukarabati, lina kumbi za maonyesho ambazo mtu yeyote anaweza kuingia bila kadi ya msomaji. Mimi naupenda sana uamuzi wa namna hiyo, kwa kuwa maktaba nyingi za vyuo hugharimiwa kwa sehemu na kodi za watu ambao hawajawahi kuvuka mlango wake.

Kalenda ya kimataifa husaidia kupanga: tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Hata hivyo, siku hizo zinafaa tu pale maktaba inapokuwa na kitu chake cha kuonyesha.

Habari za maktaba hazipaswi kuwa za furaha peke yake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotokea kwenye miteremko ya mlima ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza Maktaba ya Jagger, iliyokuwa na makusanyo adimu ya taaluma za Afrika. Baada ya hapo watu wengi walijitolea kuokoa nyaraka zilizosalia katika ghala za chini, nyingine zikiwa zimelowa maji ya kuzimia moto. Maktaba inayoeleza wazi kilichopotea na kilichookolewa huwapa wasomaji nafasi ya kusaidia, hata kwa kuleta nakala walizokuwa nazo nyumbani.

Linalonigusa zaidi ni kile kinachobaki baada ya viti kukunjwa. Mshairi akisoma kazi yake, au mzee akisimulia historia ya picha iliyo katika makavazi, maneno hayo yarekodiwe kwa ridhaa yake ya maandishi, yapewe tarehe, jina la msemaji na maelezo ya mada, kisha yaingizwe katika katalogi kando ya kitabu au picha iliyohusika. Kazi hiyo inahitaji mkutubi aliyepangiwa muda wake tangu bajeti ya tukio inapoandikwa, si mtu wa kuitwa wiki moja baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka ni nani aliyeuliza swali gani.