Eti mimi ndiye Doby

Jumanne usiku nilikuwa kazini namvalisha soksi mzee ninayemtunza chumba cha mwisho, akaniambia, "Binti, wewe ndiye Doby wetu."

"Doby ndiye nani?"

"Wa pili," akasema, akafumba macho.

Basi. Wiki nzima neno hilo limenikaa kama mwiba wa samaki kooni. Wa pili! Mnajua habari za Mama Neema, Mwafrika wa kwanza zamu ya usiku pale kazini. Miezi minane sasa mimi ni "yule aliyekuja baada yake". Zuhura kapata leseni ya udereva, shemeji kaingia kutoka Dodoma na mabegi manne, mimi kichwani ni wa pili, wa pili.

Alhamisi nikamtafuta huyo Doby. Kumbe alichezea timu ya besiboli ya hapa hapa Cleveland. Tarehe 5 Julai 1947, wiki 11 tu baada ya Jackie Robinson, mweusi wa kwanza wa zama hizi katika ligi kuu za besiboli, kuanza Brooklyn, Larry Doby akawa wa pili, na mweusi wa kwanza katika ile ligi kuu nyingine, ya American. Robinson alipewa msimu mzima Montreal wa kuzoea. Doby alitolewa Newark, kwenye timu ya weusi, akatupwa moja kwa moja ukubwani. Meneja akamzungusha chumba cha kubadilishia nguo amtambulishe, na wengine hawakumpa mkono.

Hapo nikaiweka simu chini. Usiku wangu wa kwanza nilimnyooshea mtu mkono, akaendelea kukunja shuka. Mkono ukabaki hewani, mwishowe nikajifanya naokota foronya.

Msimu ule Doby alicheza mechi 29 na gongo likamkatalia kabisa. Mwaka uliofuata wakamtoa beisi ya pili (hata huko ya pili!) wakampeleka nyuma kabisa, katikati ya uwanja, kwenye eneo la kukimbia mpaka ukutani. Oktoba 1948, mechi ya nne ya fainali, akaupiga mpira ukavuka ukuta, Cleveland ikaifunga Boston 2-1. Ipo picha ya baada ya mechi: amekumbatiana na mrushaji mzungu, Steve Gromek, shavu kwa shavu, meno yote nje. Nimeikuza mpaka ikawa madoa. Mwaka 1952, na tena 1954, aliongoza ligi yake kwa kuvusha ukuta mipira 32 kila mara. Ukumbi wa mashuhuri wa besiboli, Cooperstown, ulimwingiza 1998, miaka 36 baada ya Robinson. Wa pili husubiri, jamani.

Ijumaa nikaingia zamu na ile picha kwenye simu, machozi karibu. Nikamwuliza, "Mzee, ulimaanisha ule mkono, au hili kumbatio?"

Akaitazama picha muda mrefu, akatabasamu.

"Nilimaanisha miguu. Mpira ukienda mbali, Doby yuko. Nikibonyeza kengele, wewe uko. Yule mwenzako alipika chai nzuri lakini, Mungu wangu, alikuwa anatembea!"

Nilicheka mpaka jirani yake akagonga ukuta.

Mama hajapokea simu tangu Alhamisi. Da Rehema anasema simu imeisha chaji, umeme umekatika Tanga. Chaji gani ya siku tatu?