Chaza si mchele wa kuroweka

Chaza wangu wa kwanza waliishia jaani. Nilikuwa nimewanunua Gazi, upande wa Kwale, Jumamosi jioni, nikapanda nao matatu hadi Likoni wakiwa ndani ya gunia lililoloana. Dereva alilalamika njia nzima kwamba gari lake linanuka bahari, kana kwamba tulikuwa tunakwenda Nakuru. Nilipofika nyumbani Mombasa nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyezoea kusafisha samaki angefanya: nikawatia kwenye ndoo ya maji ya mfereji, nikafunika, nikalala.

Asubuhi nilipofunua, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Wengi walikuwa wameachama.

Bamvua iliyofuata nilirudi kwa yule mama aliyeniuzia. Chaza huendewa siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, kwa sababu maji hupwa sana na mizizi ya mikoko huwa wazi. Nikamwamkia, nikamweleza msiba wangu.

"Uliwatia majini?"

"Nilitaka watoe mchanga, mama."

Akacheka mpaka akashika mgongo. "Mwanangu, huyo si mchele wa kuroweka."

Chaza akitolewa baharini hubana magamba yake na kuishi kwa yale maji ya chumvi aliyojifungia ndani. Ukimlaza usiku kucha kwenye maji matamu, tena kwa joto letu hili, umemuua mwenyewe. Siku hizi nawapanga kwenye bakuli kubwa, upande wenye tumbo, yaani gamba lililotuna, chini, nawafunika kitambaa kibichi na kuwaweka kwenye friji. Sifungi kwa mfuko wa plastiki, kwa maana ni viumbe hai na wanahitaji hewa. Kuwasugua kwa brashi chini ya mfereji ni kazi ya dakika za mwisho, makaa yakiwa tayari yameshika. Na aliyeachama namgonga gamba kwa ncha ya kisu: akijifunga yu hai, akibaki vilevile namtupa.

Hawa wa kwetu, ambao wataalamu huwaita Saccostrea cucullata, hushika kwenye miamba na mizizi ya mikoko, na hubanduliwa kwa tindo au panga. Yule mama hapendi watu wanaokata mzizi mzima ili wabebe chaza kirahisi. Kijiji chake kimekuwa kikiuza kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ya kaboni, tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwa hiyo mzizi una bei yake hata bila chaza.

Ukitazama video za Wafaransa wakifungua chaza kwa mikono miwili na tabasamu, utadhani ni kumenya ndizi. Wao wana chaza wakubwa, warefu, wenye umbo linaloeleweka. Wetu ni wadogo, wamekunjamana, kingo zao zina meno kama ya msumeno, na mara nyingine wawili watatu wamegandana hata hujui yupi anaanzia wapi. Nilianza na kisu cha kukatia vitunguu. Cha kwanza kilivunjika ncha. Cha pili kiliteleza kikanipata chini ya kidole gumba cha kushoto, na alama ninayo hadi leo.

Kilichonifaa ni kisu cha meza, kile kisicho na makali. Nilimpelekea fundi wa vyuma akakikata kikabaki urefu wa kidole, akakisaga ncha ikawa nyembamba lakini butu. Mkono wa kushoto navaa glavu nene za kazi za ujenzi, na juu yake taulo iliyokunjwa mara nne.

Kisha ni kutafuta bawaba. Magamba mawili ya chaza yameungana upande ule mwembamba, kama mlango na fremu yake, na hapo ndipo pa kuingilia. Namlaza mezani, upande wenye tumbo chini, bawaba ikinielekea. Natia ncha ya kisu kwenye ule ufa na kuichezesha kushoto kulia bila kusukuma. Hapa ndipo nilipokuwa nikikosea: nilisukuma kwa nguvu zote, na kisu kikishateleza ukiwa unasukuma, kitaishia mwilini mwako tu. Ncha ikishika, unahisi imekaa, haitikisiki tena. Basi nazungusha kifundo cha mkono kama mtu anayefungua kufuli. Tk! Sauti ndogo, na hewa kidogo ya bahari inatoka. Nafuta kisu, maana kina matope, nakipitisha chini ya gamba la juu, kikiwa karibu nalo kabisa, mpaka nikate msuli. Gamba linanyanyuka lenyewe.

Kati ya chaza dazeni mbili za siku ile nilifungua tisa kwa njia hiyo. Saa nzima. Waliobaki bawaba zao sikuziona kabisa, na shemeji yangu alikuwa ameshaanza kuulizia chapati.

Nikawatia motoni wazima. Laiti ningeanza hivyo! Makaa nayaacha mpaka yavae jivu jeupe, wavu juu, chaza wanalala tumbo chini ili maji yao yasimwagike. Baada ya dakika chache kingo zinaanza kutoa povu, kisha mdomo unaachia. Mtu asiinamie jiko: vipande vya gamba hulipuka, na kimoja kilinipita sikioni kama punje ya bisi. Akishaachia simtoi papo hapo. Namwacha dakika nne au tano zaidi mpaka nyama ikaze na pindo zake zijikunje. Atakayegoma kufunguka baada ya moto wote huo namtupa bila kubembelezana naye.

Hapo naondoa gamba la juu, namtilia kijiko cha tui zito lililochanganywa na kitunguu thomu kilichopondwa, pilipili na ukwaju kidogo, namrudisha motoni tui lichemke. Chumvi sitii, bahari imeshatia. Siagi na thomu pia ni tamu, lakini tui ukilionja hutarudi nyuma.

Shemeji alitaka wake wabichi, kwa ndimu, kama alivyoona hotelini. Nilikataa, na ugomvi wetu haujaisha. Chaza hula kwa kuchuja maji. Kilichomo majini humwingia, na vijito vya karibu na mji hupokea maji machafu ya majumbani. Maji kuwa meupe hakuonyeshi kitu. Ndimu inaleta ladha, lakini haiui vijidudu, hata ukikamua kilo nzima. Kama hujui chaza ametoka maji gani na nani ameyapima, mchome.

Alikula kumi na moja, wote wa kuchomwa, akinuna.

Kile kisu cha fundi kinakaa kwenye droo ya vijiko. Mke wangu ameshakitumia mara mbili kufungulia kopo la rangi, na anasema ni kisu kizuri sana.