Sakafu ya mvule ya bibi: nilivyoikwangua na kuipaka upya

Ukumbi wetu wa Migombani, Unguja, umetandikwa vibao vya mvule, kila kimoja inchi 9 kwa 3, vimepangwa kama mifupa ya samaki. Babu aliviweka kabla ya Mapinduzi ya 1964. Bibi naye akavitunza kwa polishi nyekundu, ile ile aliyopaka sakafu ya saruji ya barazani. Kila Idi ikikaribia alipiga magoti na kitambaa chake tangu asubuhi. Alipotutoka, sakafu ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni, na vibao vya karibu na mlango wa uani vilicheza ukivikanyaga.

Ami alitaka tuweke vigae. "Hizo mbao zimeshakufa, mwanangu," alisema. Sikubishana naye. Nilisogeza kabati, nikachukua patasi nikakwangua pahala padogo, upana wa kiganja. Chini ya ule weusi mbao ilikuwa nzima, ngumu, haina hata tundu moja. Mvule si mti wa kuliwa na mchwa ovyo. Nikamwita Ami aje aone, nikamwomba anipe mpaka kusi, msimu wa upepo wa kusini, limalizike.

Kusi nililitaja makusudi. Wakati wa masika hewa imejaa maji, mbao zimevimba, na vanishi inaweza kulala siku mbili bado inanata. Nilianza mwisho wa Juni, upepo mkavu unaingia dirishani.

Vibao vilivyolegea vilikuwa 37. Kila nilichokiinua nilikiandika nambari kwa chaki mgongoni, na nambari hiyo hiyo nikaiandika pale kilipotoka, kwa sababu kibao kilichokaa pahala pake miaka sitini hakikubali pahala pa mwenzake. Hapo ndipo nilipoona kilichoviinua. Kando ya ukuta palikuwa na mwanya wa kama sentimita moja, na mtu fulani, zamani, aliuziba kwa saruji. Mwanya ule si kasoro. Mbao ikivimba wakati wa mvua lazima iwe na pa kwenda, ikikosa, inajiinua. Niliitoa saruji yote, nikauacha mwanya wazi, ukaja kufunikwa na ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni.

Vibao vilikuwa vimegandishwa kwa lami. Lami hiyo sikuipiga msasa hata kidogo. Baadhi ya gundi za lami za miaka ile zilitiwa asbesto, na vumbi lake si la kuchezea. Nilirowesha kwa maji, nikabandua mabonge tu, taratibu, yakiwa mabichi, nikayafunga ndani ya mfuko. Gundi nyeupe ya useremala haishiki vizuri juu ya lami, kwa hiyo nilizunguka maduka ya Mlandege na Darajani mpaka nikapata inayokubaliana nayo.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Niliazima mashine ya msasa wa mkanda, nikaweka msasa nambari 40, wenye chembe kubwa, nikawasha. Haikufika dakika kumi karatasi imeziba, imekuwa wekundu mtupu. Nikabadilisha, ikaziba tena. Joto la mashine lilikuwa linaiyeyusha polishi na kuizamisha ndani ya mbao badala ya kuitoa. Niliumia sana, maana ilikuwa kama ninaiharibu kazi ya bibi kwa mkono wangu mwenyewe.

Seremala mmoja wa mtaani alikuja, akapitisha ukucha sakafuni, ukatoka na nta. "Dada, nta haitoki kwa msasa," akasema. "Itoe kwanza kwa tapentaini, kisha kwangua kwa kioo." Kipande cha kioo kilichokatwa vizuri kinatoa unyoya mwembamba wa mbao kuliko randa, nacho hakizibi. Nilifanya hivyo wiki mbili, kila jioni baada ya kazi, glavu mkononi, madirisha wazi, jiko limezimwa. Vitambaa nilivianika nje kimoja kimoja. Vikirundikwa vimelowa vinaweza kushika moto. Kila kipande cha sakafu nilikidondoshea maji: yakisimama kama shanga, nta bado ipo.

Ndipo nikarudi kwenye mashine. Kwa mpangilio wa mifupa ya samaki huwezi kufuata nyuzi, kwa sababu kila kibao kinaelekea kwake. Nambari 40 niliipitisha mshazari kutoka pembe hadi pembe, 60 mshazari wa upande wa pili, kisha 80, na 120 nikaifuatisha mwanga wa dirishani. Mashine haisimami pahala pamoja ikiwa inazunguka, itachimba bonde. Usiku nilizima taa, nikalaza tochi sakafuni, mikwaruzo yote ikajitokeza. Vumbi la mvule linawasha. Barakoa na mikono mirefu si hiari, na mimi shingo iliniwasha siku tatu kwa kusahau kitambaa.

Sakafu ikatoka ya njano, kama imepakwa manjano. Ami aliposimama mlangoni hakusema kitu. Nilimweleza kuwa mvule uliokwanguliwa huwa hivyo, mwanga ndio unaourudishia rangi yake ya kahawia, lakini niliona hakuniamini.

Vanishi nilijaribu kwanza kwenye ile pembe ya kabati. Siku nne, bado inanata. Hali ya hewa haikuwa na lawama safari hii: mvule una dawa yake ya asili ndani, na dawa hiyo inaizuia vanishi ya mafuta kukauka. Niliikwangua yote, nikapangusa mbao kwa thina, nikapaka tabaka moja jembamba la shelaki, aina ya vanishi ya spiriti, isiyo na nta ili iwe ukuta baina yao. Vanishi ya juu yake ilikauka usiku mmoja. Basi ukumbi wote nikaufanya hivyo: shelaki, kisha vanishi tabaka tatu, na msasa 220 wa mkono baina ya kila tabaka.

Mwezi wa pili baada ya kupaka, rangi ilianza kurudi, ya asali kwanza, kisha ya kahawia. Ami alikuja siku ya hitma ya bibi, akavua viatu nje kabisa ya mlango, akainama akashika sakafu kwa kiganja. Tulipokunja mkeka uliolala pale tangu mwanzo, baada ya watu kuondoka, chini yake mbao bado ilikuwa ya njano, umbo la mkeka limebaki pale pale. Sasa kila Ijumaa Ami ananiuliza kama nimeuhamisha.